Mzee wa Makumbusho

Mwalimu Hosea wa Kawetele alipenda vitu vya kale kuliko hata chakula. Mshahara wa Februari ulikuwa haujafika na Machi ilikuwa inakatika, sabuni ndani imebaki kipande cha kunawia, lakini Jumamosi ile aliamka akitangaza kwamba leo ni siku ya kwenda makumbusho. Kanisa lilikuwa limefungua nyumba ya wamisheni wa kwanza, ile ya mawe iliyo juu ya kilima. Waliijaza picha, vinanda vibovu na mikuki, wakaweka dirisha la kukatia tiketi. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi wa vyama vingi. Kila kitu nchini kilikuwa kinafunguliwa au kinauzwa, na watalii wenye mabegi mgongoni walipita Tukuyu wakiulizia njia ya Daraja la Mungu.

"Wanafunzi nitawapeleka mwezi ujao," alimwambia mkewe. "Sasa mwalimu atafundishaje kitu ambacho hajakiona?"

"Na mimi ni mwanafunzi?" Tulia aliuliza. Alikuwa amekaa kitandani akilazimisha miguu iliyovimba iingie kwenye viatu.

"Wewe ni mke wa mwalimu. Nesi Leah si alisema utembee kidogo?"

Nesi Leah alisema hivyo, kweli, ila alimaanisha kwenda sokoni na kurudi. Mimba ilikuwa ya miezi saba. Mbili zilizotangulia ziliharibika, moja mwezi wa nne na nyingine wa tano, na tangu hii ivuke hapo Tulia alikuwa anaishi kama mtu aliyejitwika ndoo ya maji iliyojaa hadi ukingoni. Hakugeuka ghafla, hakucheka sana, hakugombana na mtu. Kila asubuhi, kabla hajasema neno, aliweka kiganja ubavuni akasubiri. Mtoto akicheza, siku inaanza. Asubuhi ile alicheza vizuri, basi Tulia akakubali kwenda.

Walipata lifti ya pikapu iliyokuwa ikipeleka magunia ya viazi, wakashushwa chini ya kilima, wakapanda taratibu. Hosea alilipa viingilio viwili kwa noti aliyoitoa kwenye soksi. Tulia hakuuliza imetoka wapi.

Ndani, Hosea alisahau kama ana mke. Alitoa daftari akaanza kunakili maandishi ya chini ya kila picha, na picha zilikuwa zimezunguka kuta nne. Tulia alitazama wamisheni wenye ndevu na wanawake waliosimama kwa kuogopa kamera, mpaka kiuno kikaanza kumuuma. "Natoka nipate hewa," alisema. "Eeh, eeh," mumewe alijibu bila kugeuka.

Nyuma ya nyumba palikuwa na kibanda cha Kinyakyusa cha zamani, cha mianzi iliyopangwa kwa ufundi na paa la nyasi. Tulia alikuwa bado anakishangaa pale mvua ilipoanguka, ile ya Rungwe isiyobisha hodi. Wazungu wawili walitoka mbio kibandani wakiwa wamefunika kamera zao, naye akaingia.

Ndani alikuwamo mzee mmoja, miguu peku, kifua wazi, kiunoni amefunga kipande cha nguo ya magome ya mti na pete za shaba. Alikuwa ameinama kuokota noti ambayo Wazungu walikuwa wameiacha juu ya mkeka. Alipomwona Tulia aliikunja haraka akaificha kiganjani, kama mtoto aliyekutwa na sukari.

"Shikamoo, tata," Tulia alisema, akimwita baba kama ambavyo angemsalimu mzee yeyote.

"Marahaba, mwanangu. Ingia, ingia, mvua hii haina adabu. Kalia hicho kigoda. Hicho ni cha maonyesho, lakini mwenye tumbo hasimami."

Mguu wa Tulia uliteleza kwenye kizingiti chenye maji. Mzee akamdaka mkono, akamshika mpaka akakaa. Kisha alichokoa majivu ya moto mdogo uliokuwa katikati, akatoa ndizi ya kuchoma, akaikata vipande viwili. Walikula. Tulia aliona njaa yake yote ya safari inaisha kwa kipande kile.

"Ni wa kwanza?" mzee aliuliza.

"Wa kwanza, tata. Wawili walinitoka."

"Huyu atakaa." Alisema hivyo bila kujifanya anajua, kama mtu anayemtakia mwenzake safari njema. Halafu, kwa kuwa mvua ilizidi na kazi yake ilikuwa kueleza, akaanza kumweleza kibanda. Huku walilala ng'ombe, huku watu. Huku mtungi wa maji. "Na mkamwana, baba mkwe wake akija, anatokea upande ule. Hawatazamani usoni, hawasemezani, hawakai chini ya paa moja. Wageni nikiwaeleza hilo wanaandika sana. Hawajui kwamba wengine bado tunalishika. Mimi mkamwana wangu simjui sura hata leo."

"Mimi mkwe wangu namjua buti tu," Tulia alisema. "Akipita njiani nachepuka migombani. Naona buti za mpira zinapita, naendelea na safari."

Walicheka wote wawili. Tulia alikuwa hajacheka hivyo tangu Krismasi, na alikuwa bado anafuta machozi ya kicheko pale Hosea alipoinamisha kichwa kuingia, amelikumbatia daftari lisilowe.

"Tulia, kule kuna picha ya mwaka..."

Alimtazama mzee, akatazama zile pete za shaba, kisha maganda ya ndizi.

"Tata," alisema.

Sauti hiyo haikuwa ya kumsalimu mzee yeyote. Ilikuwa ya mtoto kwa baba yake mzazi. Tulia aliielewa kabla hajaelewa kitu kingine chochote. Alivuta kanga kichwani, akageukia mianzi, akapiga magoti huku kigoda kikipinduka. Nyuma yake alisikia mkeka ukinyanyuliwa. Mzee Ambindwile wa Ikuti, mzee wa kanisa, mtu aliyewaaga nyumbani kila Jumamosi kwamba anakwenda kikao, alijifunika mkeka kifuani akatoka kinyumenyume kwenye mvua. Hakusema neno.

*

Mjini wapo waliokwisha kuyaacha mambo haya. Siku hizi utamkuta baba mkwe sokoni anapeana mkono na mkamwana na hakuna anayeshtuka. Lakini kwa Mzee Ambindwile ukutila, ule mwiko wa mkwe na mkamwana, ulishikwa kama ulivyoshikwa na babu zake. Hata siku ya harusi kanisani aliketi benchi la mwisho, kofia imefika puani, akaondoka kabla maharusi hawajageuka. Mkosi wa kukutana ulikuwepo na dawa yake ilikuwepo. Mkubwa aliyekosewa hulisema lililo kifuani mwake, akanywa maji akayapuliza chini, na neno likaisha. Kinachoogopwa ni kunyamaza. Hasira isiyosemwa hukaa ndani ya mkubwa, na wanasema hushuka kwa mdogo, hasa kwa mwanamke, hasa tumboni.

Tulia hakumgusa tu mkwe wake. Alikula naye. Alimwona bila nguo za heshima, akiokota noti ya Mzungu mkekani. Na alicheka.

Jumatano mama mkwe, Anyosisye, alifika Kawetele na mkungu wa ndizi kichwani. Aliutua, akakaa, hakugusa chai.

"Baba yenu mlimfanya nini?"

Hosea alitazama mlango. Alikuwa amemkataza mkewe asiseme kwa mtu yeyote, kwa heshima ya baba.

"Tangu Jumamosi hasemi," mama aliendelea. "Alirudi amelowa, akalala. Ndizi za mbalaga napika, anazitazama, zinapoa. Nikimuuliza anageukia ukuta. Haya, semeni."

Hosea alisema. Alikula maneno mengi, lakini mama hakuwa mtu wa kupunjwa.

"Alikuwa amevaa nini?"

"Zile za zamani, mama. Za maonyesho."

Kidogo kidogo Anyosisye akaanza kujisugua magoti. "Majani ya chai tunapeleka, malipo ni kesho, kesho. Ng'ombe wameisha. Nikawa najiuliza, ile sukari ya Jumamosi wazee wa kanisa wanamgawia kwa lipi? Kumbe." Akamgeukia Tulia. "Na wewe hukuinama?"

"Sikumjua, mama. Wala yeye hakunijua."

"Mngejuaje?" mama alisema kwa uchungu, maana waliishi miaka minne wakijitahidi wasijuane. "Lazima aseme. Akibaki nalo kifuani litashuka."

Wote watatu, bila kupenda, walitazama tumbo.

"Mama, sisi ni Wakristo," Hosea alisema. "Haya ni mambo ya kwenye makumbusho."

"Basi mbona macho yako mekundu, Mwalimu? Wewe umelala lini?"

Hosea hakulala tangu Jumamosi na alijua kwamba mama yake anajua. Mama alipoondoka, Tulia aliweka kiganja ubavuni. Mtoto alicheza. Akaweka tena, bado anacheza. Siku ile aliuweka mkono pale labda mara mia moja, na kila mara aliogopa zaidi.

*

Alhamisi asubuhi, akisuuza sufuria uani, alihisi maji ya moto yanateremka mapajani. Alitazama chini. Hayakuwa maji.

Hakupiga kelele. Aliita jina la mumewe kwa sauti ndogo, na sauti ile ilimtisha Hosea kuliko yowe. Jirani mwenye gari alikuwa bado hajaondoka. Hospitali waliulizwa wamekuja na glovu na pamba, hawakuwa nazo, Hosea akatoka mbio kwenda duka la dawa kukopa kwa jina la shule, na mwenye duka akamwuliza mbele za watu kama walimu nao siku hizi wanalipwa.

Nesi Leah, mtu wa Singida, miaka sita Tukuyu na bado hajaizoea baridi, aliweka kile kipimo chake cha mbao tumboni, akainamisha sikio. Tulia aliyakazia macho ya nesi, kama yangeweza kumwambia kitu.

"Moyo upo," nesi alisema. "Unapiga vizuri. Kondo la nyuma limekaa chini, ndilo linalovuja. Unalala hapa hapa. Hunyanyuki hata kwa kuitwa na askofu."

"Nesi, hasira ya mtu inaweza kufanya hivi?"

"Hasira ya nani?"

Tulia alimweleza kwa kunong'ona. Wanawake wawili wa vitanda vya jirani waliacha kuongea. Nesi Leah alisikiliza mpaka mwisho, maana alikuwa mtu wa kusikiliza, kisha akamfunika shuka.

"Dada, kondo halimjui mkwe wako. Lala."

Lakini mama wa kitanda cha pili, Mnyakyusa wa Lufingo, alimtazama Tulia kwa huruma ndefu, kisha akageukia upande mwingine. Tulia aliogopa huruma ile kuliko damu.

Ijumaa Hosea alikwenda Ikuti kumwomba baba yake. Alirudi jioni na tope hadi magotini, akakaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Nilipiga magoti," alisema. "Nikamwambia uko hospitali. Nikamwambia mjukuu wake anaondoka. Alikuwa amenipa mgongo, anachonga mpini. Akaacha kuchonga."

"Akasema?"

"Akauliza kitu kimoja. 'Amewaambia watu?' Nikasema hapana. Basi. Akaendelea na mpini."

Siku sita nzima Tulia alikuwa amemwogopa yule mzee: kifua chake, ulimi wake, pumzi yake. Haikumpitia akilini hata mara moja kwamba na mzee anamwogopa yeye.

"Tuma mtu kwa mama," alisema. "Amwambie tata kwamba simcheki. Amwambie alinipa kigoda na ndizi, na hiyo ndiyo habari pekee niliyo nayo juu yake."

Hosea alimtuma mwalimu mwenzake aliyekuwa anakwenda Ikuti kesho yake kwa baiskeli. Jumamosi ilipita bila jibu. Damu ilipungua mchana, jioni ikarudi. Mtoto alicheza mara mbili.

*

Jumapili kabla hakujapambazuka uchungu ulikuja wote kwa pamoja. Nesi Leah alifanya kila alichokijua na daktari naye aliitwa akafika. Mtoto alizaliwa wa kiume, mdogo, ana nywele nyingi, na hakulia. Nesi alimsugua mgongo, akampulizia, akamsugua tena, muda mrefu kuliko ilivyofaa, mpaka daktari akamgusa bega.

Tulia walimrudisha wodini. Alikuwa hai, na kila aliyepita alimwambia ashukuru kwa hilo. Hosea alilia kwenye korido akiwa ameegemea ukuta wa kijani, kisha akanawa uso akapanda lori la kwanza kwenda Ikuti kuwaambia wazazi wake, ili waamue pa kuzika.

Saa nne, saa ya kuona wagonjwa, kengele ya kanisa ilikuwa inalia mjini. Nesi Leah aliingia wodini akiwa na uso wa kuuliza.

"Kuna mzee nje ya dirisha lako. Nimemkaribisha aingie, hataki. Ameipa wodi mgongo, anaongea na ukuta. Anasema ametembea kutoka Ikuti tangu alfajiri, anataka nikwambie maneno."

Tulia alijua ni nani. Alijua pia kwamba lori la Hosea lilikuwa limefuata barabara, na mzee huyu alikuwa amekata njia za migombani. Walikuwa wamepishana. Hakuna aliyemwambia kitu.

Alivuta shuka hadi kichwani, akageukia upande wa pili, kama inavyotakiwa. "Msikilize, nesi," alisema.

Sauti iliingia dirishani. Kila mwanamke mle ndani aliisikia, Tulia wa kwanza, lakini ilibidi ipite kwa mtu.

"Mwambie mkamwana wangu sina neno naye. Sikukasirika hata siku moja. Niliona aibu, ndiyo iliyonifunga mdomo. Nilijua kusema kunatakiwa, nikashindwa, maana kusema ni kulitaja lile alilonikuta nalo. Mwambie habari yake nimeipata jana, ndipo nikaweza kuinuka."

"Anasema hana neno na wewe," Nesi Leah alisema.

Nje, mzee alikuwa amefungua kibuyu. Walimsikia akinywa, kisha akipuliza, mara ya kwanza na ya pili, maji yakimwagika kwenye nyasi.

"Limeisha. Mtoto akae. Asimame, atembee, aje Ikuti ale ndizi. Mwambie hivyo. Mtoto akae."

Mama wa Lufingo alijifunika uso kwa kanga. Nesi Leah hakurudia maneno yale. Aliinama kitandani akanong'ona, "Nimwambie? Au tumngoje mumeo?"

Tulia alikuwa anawaza haraka, kwa akili kavu kabisa, kama anayehesabu vyombo. Mzee ataambiwa leo, kwa vyovyote. Ataambiwa mtoto amekufa alfajiri. Atahesabu siku alizonyamaza, nane, na hatakubali kamwe lile neno la kondo. Tulia mwenyewe halijamwingia vizuri, itakuwa Mzee Ambindwile? Atakaa Ikuti na zile siku nane mpaka kaburini.

Na mtoto alicheza. Alicheza Jumatano yote, alicheza hadi jana. Hilo Tulia alikuwa nalo, na lilikuwa lake peke yake.

"Nesi, mwambie tata mtoto hakukaa."

Nesi Leah alisema dirishani.

"Mwambie alikuwa ameacha kucheza kabla. Tangu Ijumaa ile, kabla hatujaenda makumbusho. Mimi nilijua, nikaficha."

Nesi Leah hakwenda. Alimtazama. Mkono wake ulikuwa umeshika karatasi ya mgonjwa, ambayo ndani yake Alhamisi aliandika kwa kalamu yake mwenyewe kwamba moyo unapiga vizuri. "Dada," alisema polepole, "unajua watakavyokusema?"

Tulia alijua. Mwanamke anayeficha mtoto aliyenyamaza tumboni, akapanda mlima naye kwenda kutazama picha. Habari hiyo ingefika Ikuti kabla ya jioni, na huko ingekaa. Mama mkwe angeirudia kila msiba. Hata Hosea, aliyeweka kiganja ubavuni pamoja naye, angelazimika kuchagua amwamini nani.

"Mwambie."

Nesi Leah alikwenda dirishani, akashika nondo kwa mikono miwili, akasema yote kama alivyoambiwa, bila kupunguza. Alipomaliza, wodi nzima ilisubiri. Kulikuwa na sauti ya mtu anayekaa chini kwenye nyasi, kwa shida, kwa viungo vya uzee. Kisha pumzi ndefu, iliyotoka yote.

Alisema kitu, chini sana. Nesi Leah alibaki dirishani kidogo, amewapa mgongo. Aliporudi kitandani macho yake yalikuwa yamelowa na hakujaribu kuyaficha.

"Anasema pole sana. Anasema ungesema mapema, asingekuacha upande mlima ule. Anasema amekusamehe."

"Mwambie asante," Tulia alisema.